Ndege ya Kiti Kimoja

Siku mliyoniaga kazini mlinipa saa ya ukutani, sahani ya halwa na ombi: niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kujaza ndege mafuta. Saa nimeitundika, halwa imeliwa, limebaki ombi. Nianze na nitakayoyaacha. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alistahili kabla yangu, kwa sababu aliyestahili yu hai na tunasali msikiti mmoja. Nitaandika kazi, na zaidi nitaandika juu ya mtu aliyenifundisha kazi, ambaye wengi wenu hamkumkuta.

Nilifika Maskati kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kiarabu nilikuwa nacho cha chuoni, cha kusomea Kurani, ambacho hakikunisaidia kununua hata nyanya pale sokoni Matrah. Kiingereza nilijifunza peke yangu kwa kamusi moja iliyokwisha kubanduka jalada. Niliisoma kwa mpango, kuanzia A, na siku niliyoajiriwa nilikuwa nimefika M. Kwa hiyo wiki zangu za kwanza nilielewa maneno mengi sana ya Kiingereza, mradi yasiwe ya herufi za mbele ya M. Mafuta, mpira na chujio nilivijua. Pampu, tangi na valvu vilinikuta sijafika.

Msimamizi wetu alikuwa Khalfan, Mmanga wa Unguja kama mimi, ila yeye aliingia nchi hizi ujanani, zamani sana, wakati ambapo mtu akitaka kwenda bara alimuuliza mwenye ngamia, si mwenye gari. Alikuwa mnene, mpole, na akitembea hana haraka. Siku yangu ya kwanza hakunionesha boza, lile lori la mafuta, wala pampu. Alinipa chupa ya kioo yenye mafuta ya ndege na kuniambia niinue juani.

"Unaona nini?"

"Mafuta."

"Nimekuuliza unaona nini. Sikukuuliza unafikiri ni nini."

Nikatazama tena. Nikasema naona kitu cheupe kama maji, chenye umanjano wa mbali. Akaniuliza kama kuna vumbi. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama kuna tone lolote limejikalia chini peke yake. Nikasema hakuna.

"Haya. Sasa sema ni mafuta."

Hiyo ndiyo elimu yote, na mengine ni maelezo yake. Kwanza jicho, halafu pua, halafu unafunga waya wa kuondoa umeme kati ya boza na ndege, na mkono wa kushika mpira huja mwisho. Alikuwa na sheria moja nyingine ambayo aliipenda kuliko zote: mtu asisogelee ndege na kitu mfukoni. Sarafu, kalamu, funguo, vyote vibaki kwenye sanduku la bati mlangoni. Ndani ya ndege kuna kamba za chuma zinazokwenda mpaka mkiani, na ndizo zinazoigeuza. Kitu kidogo kikidondoka kikaziba njia ya kamba, rubani anavuta usukani na ndege haimsikii. Khalfan alikuwa akitupapasa mifuko sisi sote kila asubuhi, kama mama anayepeleka watoto chuoni.

Dereva wetu wa boza alikuwa Mutua, Mkamba wa Machakos, aliyezungumza Kiswahili cha Nairobi. Aliniita "boss" tangu siku ya kwanza. Nilijisikia vizuri mpaka nilipomsikia akimwita hivyo hivyo mfagiaji. Mwezi wa saba, spana za uwanjani zilipokuwa hazishikiki kwa joto, Mutua aliziweka kwenye kisanduku chake cha barafu pamoja na chakula cha mchana. Spana zilishikika. Chakula kilinukia mafuta ya taa, naye alikula bila kulalamika, akasema kwao jikoni kumewahi kunukia vibaya zaidi.

Kuhusu kesi ngumu, nitawapa moja. Siku moja sampuli ya boza ilionesha maji chini ya chupa. Kapteni wa ndege iliyokuwa ikingoja, mtu mwenye haraka na mistari mingi mabegani, alishuka ngazi akafoka kwamba abiria wake wanaungua. Khalfan aliiweka ile chupa juu ya ngazi, mbele ya macho ya yule bwana, na akaenda kukaa kivulini. Kapteni akafoka kidogo tena, akaiangalia chupa, akapanda juu. Nilipomuuliza Khalfan kwa nini hakumjibu, alisema, "Akigombana na mie atanishinda, ana Kiingereza. Akigombana na chupa hatoshinda."

Sasa nije kwenye maonesho ya ndege, kwani najua wengi wenu mmeyasikia, na mmeyasikia vibaya.

Khalfan alikuwa na nyumba Al Khoudh, na kila Alhamisi alasiri, siku ya mapumziko ya enzi hizo, baraza lilikuwa kwake. Kahawa, tende, na mazungumzo yaliyoanza na bei ya samaki na kuishia kwenye hadithi moja ile ile. Khalfan alisema kwamba alipokuwa kijana mwembamba akifanya kazi kwenye kiwanja cha vumbi huko jangwani, ilitua ndege ya kivita iliyokwisha kustaafishwa na jeshi la wenyewe. Rubani alikuwa akiipeleka mbali kwa mnunuzi, na mafuta yamemwishia. Pale hapakuwa na petroli ya kutosha. Mapipa yalikuwa yamefichwa kwenye kiwanja kingine, nyuma ya majabali, na aliyejua mahali ni Khalfan. Basi rubani akamchukua angani kumwonesha njia.

Hapo ndipo Nassor alipokuwa akiweka kikombe chini.

Nassor ni ndugu wa Bi Asya, mke wa Khalfan. Ana gereji Wadi Kabir, mwembamba kama uzi wa kushonea, na maisha yake yote amekuwa akifungua mashine na kuzifunga. Kwetu shemegi na shemegi hawaachiani. Lakini Nassor hakuwa akitania tu, alikuwa akipeleleza.

"Ndege hiyo ina viti vingapi, shemegi?"

"Kimoja."

"Na rubani kakaa wapi?"

"Kitini."

"Na weye?"

"Nyuma, tumboni. Kuna kimlango ubavuni, palikuwa na redio zamani, wameing'oa."

"Na njia ulimwoneshaje, ukiwa tumboni?"

"Kuna kidirisha. Nnaona jabali, nnampiga bega. Bega la kulia, kulia. La kushoto, kushoto."

"Na akitaka kushuka?"

"Kichwani."

Baraza lilikuwa likicheka mpaka kahawa inamwagika. Watu walimpachika jina la Rubani. Sokoni Rubani, msibani Rubani, hata imamu alipokuwa akihesabu waliochangia zulia alisoma Khalfan Rubani bila kutabasamu. Khalfan alilibeba jina hilo miaka mingi na hakuonesha kuumia. Ila mimi nilikuwa naye kazini kutwa. Siku moja tukiwa tumekaa chini ya bawa alinambia, "Suleiman, nnakaribia kupumzishwa kazi. Sijaiba tone, sijadanganya chupa. Nitaondoka hapa nikiwa mwongo."

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili tukatangaziwa kwamba uwanjani kwetu kutakuwa na maonesho makubwa, na pamoja na ndege mpya za kelele zitakuja ndege za kivita za zamani, zenye pangaboi mbele, na zitaruka. Picha zao zilibandikwa ukutani ofisini. Khalfan alisimama mbele ya mojawapo, ya ndege kama ile ya hadithi yake, akaitazama muda mrefu kuliko picha inavyohitaji. Halafu akaenda kwenye simu. Nilimsikia akisema, "Nassor, wiki hiyo funga gereji."

Kazi yetu ilikuwa kuzilisha. Ndege hizo haziendi kwa mafuta ya taa kama ndege za siku hizi, zinataka petroli yake maalumu, ya rangi ya buluu, ambayo sisi hatukuwa nayo kwenye mabomba. Ililetwa kwa mapipa. Na nataka hili mlikumbuke hata mkisahau mengine: ukiitia injini ya zamani mafuta ya taa, haikatai papo hapo. Inawaka kwa petroli iliyobaki kwenye bomba, inakwenda, inainuka, halafu inakumbuka, na inazimika angani. Kwa hiyo nilimwekea Mutua boza lake mbali kabisa na zile ndege, na nikafunga kitambaa chekundu kwenye mdomo wa kila tangi. Mutua alisema, "Boss, hizi ndege zimefungwa shingo kama mbuzi wa sherehe." Nikamwambia avute boza nyuma zaidi.

Fundi aliyekuja na ile ndege ya pichani alikuwa Mwingereza mzee, mrefu, jina lake Alan. Alipoona Khalfan akitoa ngozi laini ya mbuzi, akaitandika kwenye faneli na kuanza kuchujia petroli kwa pampu ya mkono, pipa baada ya pipa, uso wake ulifunguka. Alisema hakumwona mtu akichuja kwa ngozi tangu alipokuwa mwanagenzi. Nilitafsiri. Wakati huo kamusi nilikuwa nimeimaliza na ninairudia. Wale wazee wawili walishinda mchana ule bega kwa bega, kila mmoja akisema lugha yake, wakielewana vizuri kuliko nilivyowahi kuwaelewa wakubwa wangu katika lugha zote tatu.

Ndipo Khalfan akaniomba nimsimulie Alan hadithi yake. Nikamsimulia. Alan hakucheka. Alizunguka ubavuni, akafungua skrubu, akabandua kimlango kidogo nyuma ya bawa. Ndani palikuwa na nafasi tupu, mbavu za chuma, na kidirisha cha duara ukubwa wa kisahani cha kikombe. Akasema amesikia habari za mafundi waliosafirishwa humo, ingawa yeye hakuwahi kumwona hata mmoja.

Khalfan aliniangalia tu. Nilidhani anataka kulia, lakini alisema, "Kesho amfungulie hivi hivi Nassor."

Siku ya maonesho, familia za wafanyakazi ziliruhusiwa kuja karibu na ndege asubuhi, kabla uwanja haujafunguliwa kwa watu wote. Ndege za zamani zilipangwa ziruke mwanzo, joto lisije likaziudhi injini. Khalfan hakuvaa ovaroli. Kwa mara ya kwanza nilimwona uwanjani amevaa kanzu, mpya, imepigwa wanga mpaka inasimama bila mtu, na kofia iliyodariziwa kwa mkono. Alikuja na Bi Asya, na Nassor, na baraza karibu zima.

Alan akafungua kimlango. Khalfan akanyoosha mkono kama mwenye kukaribisha wageni nyumbani kwake.

"Haya. Nassor. Tazama."

Nassor alitazama. Alipima kwa mkono, upana, halafu urefu. Akamtazama Khalfan, upana, halafu urefu.

"Shemegi," akasema, "hapa paliingia redio."

"Na mie niliingia."

"Ulikuwa redio?"

Baraza likacheka. Khalfan hakucheka. Alimwambia Alan kwa Kiingereza chake kichache kwamba anaomba kuingia. Alan akaangalia saa, akasema dakika chache hazidhuru, viatu avue, mifukoni atoe vyote. Khalfan, mwenye sheria yake, alinikabidhi funguo, tasbihi na miwani. Kisha akaingiza kichwa.

Mutua na mimi tulimsukuma. Sitaeleza sana. Mmewahi kuona mto mkubwa ukitiwa foronya ya mto mdogo. Uliingia. Tukasikia mlio wa bati, tukasikia bismillahi, halafu kwenye kile kidirisha cha duara ukatokea uso wa Khalfan, umejaa duara lote, unatabasamu.

"Nassor!" sauti ilitoka tumboni mwa ndege. "Nipo wapi?"

"Sasa hivi upo," Nassor akasema. "Na umetiwa na watu wawili. Na ndege imesimama. Na haya, kule jangwani nani alikusukuma?"

"Nilikuwa mwembamba."

"Hapo tena tunarudi kwenye maneno."

Alan akagonga bati kwa upole kuonesha muda umefika. Khalfan akaanza kutoka. Ilitoka mikono, kikatoka kichwa, na hapo safari ikasimama. Ile kanzu ya wanga ilikuwa imejikunja kiunoni ikawa kama gurudumu. Tukavuta. Hakuja. Akarudi ndani, akajaribu ubavu. Hakuja. Kichwa kikarudi ndani, na uso ukatokea tena dirishani, safari hii bila tabasamu.

"Sitoki," akasema, "mpaka Nassor akubali."

"Hutoki," Nassor akajibu, "kwa sababu huwezi kutoka. Hutaki na huwezi si kitu kimoja, shemegi."

"Boss," Mutua akaninong'oneza, "huyu mzee amekwama kabisa. Hii ndege itaruka na yeye, na hapo ubishi utaisha."

Wakati huo alikuja kijana wa ratiba na redio ya mkononi akiuliza kwa nini ndege ya kwanza haijawashwa. Alan alimwambia kuna jambo la mizigo. Rubani alikuwa ameshavaa kofia yake, amesimama, akijaribu kuelewa ni kwa nini ndege yake inabishana. Nassor alishauri grisi, kwamba gereji kwake huwa wanatoa beringi kwa grisi. Nilipotafsiri, Alan alisema grisi haigusi ndege yake hata kama mtu huyo atakaa humo mpaka Krismasi.

Nikamwambia Khalfan kupitia mlangoni, taratibu, kama alivyonifundisha kusema na mtu aliye karibu na petroli, kwamba dawa ni kuvua kanzu.

"Mbele ya watu?"

"Ndani. Uivue ndani, uitoe, halafu utoke."

"Nitatoka na nini?"

"Una fulana. Una kikoi."

"Suleiman, hapo nje kuna wakwe."

Bi Asya akasogea mpaka kidirishani. "Khalfan," akasema, "vua, utoke. Watu wanataka kurusha ndege yao."

Kanzu ikatoka kwanza, imechafuka mafuta. Ikafuata kofia. Kisha tukamvuta Khalfan, mikono juu, kama anayezamia, na akatoka mzima mzima akasimama mbele ya baraza na fulana na kikoi, akihema. Bi Asya aliwaambia wanawake wageuke wakatazame ndege nyingine. Waligeuka wawili. Mmoja wao aligeuka kwa sababu hakusikia vizuri.

Ingeishia hapo, Khalfan angerudi nyumbani Rubani kama alivyokuja, na zaidi. Lakini mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilichukua ile kanzu nikapapasa mfuko wa kifuani, kwa mazoea tu. Ulikuwa mtupu.

"Mswaki wako uko wapi?"

Khalfan hakuwahi kutembea bila mswaki wake wa kijiti. Aligusa kifua chake, pale ambapo kanzu haikuwapo. Aliyetupapasa sisi sote miaka yote alikuwa ameacha kijiti tumboni mwa ndege, pale zinapopita kamba za mkiani.

Nilimwambia Alan. Yeye naye hakuhitaji tafsiri nyingi. Alimpungia rubani mkono avue kofia, na akamwambia kijana wa ratiba kwamba ndege hairuki mpaka kijiti kionekane. Kijana akauliza kijiti gani. Nikamweleza. Alisema kwenye redio kwamba ndege ya kwanza inachelewa kwa sababu ya mswaki, na kutoka upande wa pili ilisikika sauti ikimwomba arudie.

Alan alikuwa mrefu mno kukunjika humo. Mutua alikuwa na mabega. Mimi nilikuwa na kitambi, nakiri. Sote tukamgeukia Nassor kwa pamoja.

"Mie?" akasema.

"Weye," Bi Asya akasema.

Nassor alivua viatu. Nilimpapasa mifuko mara mbili, nikampa tochi yenye kamba nikaifunga kwenye kifundo cha mkono wake. Akaingia kama barua kwenye bahasha, bila hata kugusa pembe. Tukamsikia akitambaa kuelekea mkiani, akirudi, akitambaa tena. Khalfan alikuwa amejifunga kanga ya mkewe mabegani. Aliangalia mkia wa ndege tu. Nilimjua: wakati ule hadithi yake ilikuwa imemtoka akilini, alikuwa anafikiria kamba.

Baadaye mlio wa kutambaa ukakoma. Tukangoja. Nikaita, "Nassor, umekiona?" Kisha uso wake ukatokea kwenye kidirisha. Uso mwembamba, umeenea vizuri, pamebaki na nafasi. Hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa akitazama juu ya bawa, mbele, kule barabara ya kurukia inakoishia na majabali yanaanza.

Khalfan akasogea.

"Unaona nini?" akamuuliza.

Nassor alisogeza pua kiooni. "Nnaona bawa," akasema. "Nnaona jabali lile. Na lile la nyuma yake. Na nnamwona Mutua."

"Basi ndivyo nilivyoona mie. Ila Mutua hakuwapo."

Nassor akanyoosha mkono mbele, tukauona ukipita kwenye upenyo wa kuingilia chumba cha rubani, ukafika nyuma ya kiti chake. Akaugusa mgongo wa kiti, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Akaurudisha mkono.

"Kijiti hiki hapa," akasema. "Kilikuwa chini ya ubavu."

Akatoka, akamkabidhi Alan mswaki kwa mikono miwili. Alan akautazama, akanipa mimi, mimi nikautia kwenye sanduku la bati. Kimlango kikafungwa, skrubu zikakazwa na kuhesabiwa. Nikafanya sampuli ya mwisho kutoka chini ya tangi, nikainua chupa juani. Buluu, safi, hakuna tone lililojitenga. Rubani akapanda.

Ile injini ikawaka kwa kikohozi na moshi mweupe, ikatulia, ikapata sauti yake. Mmezoea ndege za sasa zinazopiga kelele moja kama mluzi. Ile ilikuwa na sauti ya vitu vingi vinavyofanya kazi pamoja, na ilikuwa ikikugonga kifuani. Hata Bi Asya alishusha mkono aliokuwa amezibia sikio. Ikakimbia, ikainuka mkia kwanza, ikaondoka ardhini mapema kuliko tulivyodhani, na ilipopita juu yetu ikalala ubavu tukauona ule mlango mdogo.

Khalfan alikuwa amerudi ndani ya kanzu yake, imekunjamana, ina baka jeusi la mafuta tumboni. Nassor alisimama kando yake, viatu mkononi bado. Baraza zima lilikuwa linatazama juu. Mimi nilikuwa nyuma yao nikiviringisha mpira, kwa hiyo niliwasikia.

Ndege ilipanda, ikapinduka kabisa, tumbo juu, ikarudi sawa.

"Khalfan," Nassor akasema.

"Naam."

"Yule wako alipinduka hivi?"

"Mara moja. Kwa furaha. Alikuwa ameyaona mapipa."

"Na weye ulishika nini?"

"Rubani."

"Wapi?"

"Shingoni."

Ndege ikazunguka upande wa baharini, ikawa ndogo, ikaanza kurudi. Nassor aliifuata kwa macho mpaka ilipopita tena juu yetu. Hakuuliza rubani alisema nini, wala shingo ilikuwa upande gani, wala nani alishuhudia. Alivaa kiatu kimoja, akasimama na cha pili mkononi.

"Hata mie ningemshika," akasema.